Suwarora, Mtoza Hongo wa Usui

Suwarora alitawala Usui, nchi iliyokuwa pande za Biharamulo na Ngara, katikati ya karne ya 19. Tukimtaja darasani, neno la kwanza tulitamkalo ni hongo. Yafaa mwalimu alifafanue mapema, kwani siku hizo hongo haikuwa rushwa ya gizani. Ilikuwa ushuru wa njia, uliotozwa mchana kweupe.

Njia ya misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Karagwe na Buganda ilipita nchini mwake. Mwaka 1861 John Speke na James Grant walifika huko. Suwarora alikuwa amempelekea Speke fimbo yake ya enzi, ishara ya kumkaribisha. Hata hivyo hakukubali kuonana naye uso kwa uso. Wageni waliwekwa wakingoja, na maofisa wa mfalme wakadai nyaya za shaba, nguo na shanga, kila mmoja na fungu lake. Wapagazi nao walingoja, ingawa hawakuwa na sauti katika mashauri hayo.

Walipovuka kuingia Karagwe, Mfalme Rumanika hakuwatoza kitu, tena aliwalisha. Wengi huhitimisha hapo kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mlafi. Sisi hatuafiki upesi hivyo. Rumanika alipogombea kiti na ndugu yake Rogero, mfanyabiashara Musa Mzuri alimpa Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili apeleke jeshi kumsaidia. Rumanika basi alikuwa na fadhila ya kuwalipa wenye misafara. Ukarimu wake ulikuwa na historia, kama ulivyokuwa nayo ukali wa jirani yake.

Katika somo hili tunapendekeza wanafunzi wagawanywe: mfalme, ofisa, mpagazi, na mkulima auzaye chakula kwa msafara. Kila mmoja aeleze hongo inamfaa au inamwumiza vipi. Mwalimu asiharakishe kuwapatanisha. Wakibishana, somo linakwenda vizuri. Kisha awaulize habari hizi zimetufikiaje. Speke alichapisha kitabu chake mwaka 1863, naye ndiye aliyedaiwa. Suwarora, aliyedai, hakuacha maandishi.

Stanley alipofika pande hizo mwaka 1876, kiti cha Usui kilikuwa kimeshikwa na Mankorongo.