Nikola Tesla: mhamiaji aliyetaka kurusha umeme na ujumbe hewani

Ukipanda basi Kigali, unagusisha kadi ya Tap&Go kwenye mashine na nauli inakatwa. Kadi hiyo haina betri. Mashine inairushia umeme kidogo hewani, kadi inaamka na kujibu papo hapo. Mtu mmoja aliota kufanya hivyo kwa dunia nzima, zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 Smiljan, kijiji kilichopo leo Kroatia. Baba yake alikuwa kasisi Mserbia. Hakukimbia vita, alihama kutafuta kazi. Alifika New York mwaka 1884, akaajiriwa na Edison, wakaachana baada ya miezi michache. Kuna kipindi alichimba mitaro apate kula. Kama nawe ulivuka mpaka na ufundi wako ukaishia kwenye vibarua, unaijua hali hiyo.

Baadaye uvumbuzi wake wa mota na umeme ulimpa jina. Mwaka 1898 aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio, bila waya.

Hapo likaja swali gumu: mtu mwingine akirusha mawimbi yake, si ataiteka mashua? Wewe wa Cyanzarwe unaelewa, maana mawimbi hayaulizi kitambulisho. Ukiwa karibu na mpaka, simu yako inaweza kunasa mtandao wa Goma. Tesla alibuni kipokezi kinachotii pale tu mawimbi mawili ya masafa tofauti yanapofika pamoja, kama kufuli la funguo mbili. Hataza zake zilitolewa mwaka 1903.

Wakati huo alikuwa akijenga mnara wa mita 57 huko Wardenclyffe, karibu na New York. Tajiri J. P. Morgan alitoa dola 150,000 kwa ajili ya kutuma ujumbe kuvuka bahari. Tesla alipomweleza kwamba anataka kutuma na umeme, Morgan alikataa kuongeza fedha. Nadhani Tesla alikosea kutomweleza yote tangu mwanzo. Tena umbali ni adui mkubwa: hata kadi ya basi huisogeza karibu kabisa, kwa sababu nguvu hiyo hupungua haraka hewani.

Madeni yalimzidi. Mnara ulibomolewa mwaka 1917. Tesla alifariki Januari 1943, akiwa peke yake katika chumba cha hoteli New York.