Konrad Lorenz: Daktari aliyechunguza ugomvi wa samaki

Mimi ni mwalimu wa sayansi ya viumbe hapa Bujumbura, na masomo yangu niliyapata uhamishoni Tanzania. Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya tabia za wanyama, huwasimulia wanafunzi wangu habari za Konrad Lorenz. Leo naona niwaletee na wasomaji wa gazeti hili. Mtu huyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta jibu la swali linalotugusa sisi tuliorudi nyumbani: kwa nini viumbe wa aina moja hupigana wao kwa wao?

Lorenz alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 7 Novemba 1903. Baba yake, Adolf, alikuwa daktari mashuhuri wa mifupa, naye alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Kijana alitii, akahitimu udaktari mwaka 1928, lakini moyo wake ulikuwa kwa wanyama. Nyumba yao ya Altenberg, kando ya Mto Danube, ilijaa ndege, mbwa na matangi ya kioo ya samaki. Mwaka 1933 alipata shahada ya pili ya udaktari, safari hii katika elimu ya wanyama.

Wengi humkumbuka kwa mabata bukini waliomfuata wakidhani ni mama yao. Hata hivyo, katika suala la ugomvi, walimu wake wakubwa walikuwa samaki, hasa wale wa jamii ya sikilidi. Jamii hiyo si ngeni kwetu. Sato yumo, kuhe wa Ziwa Tanganyika yumo, na yumo pia samaki malaika wa Mto Amazon, yule bapa mwenye mapezi marefu anayefugwa kwa urembo. Wakiwa wadogo, samaki malaika huogelea pamoja kwa amani. Wakikomaa, dume na jike hushikana, huchagua jani la kutagia, kisha humfukuza kila anayesogea. Mtoni anayeshindwa hukimbia na ugomvi ukaisha. Katika tangi dogo hana pa kukimbilia, hivyo hupigwa mpaka afe.

Lorenz alieleza kisa cha dume mmoja wa sikilidi kutoka Afrika aliyekuwa na mnyoo mdomoni alipomwona mtoto wake amepotea. Alimdaka mtoto, akabaki na vyote viwili kinywani, asijue ameze au arudishe. Mwishowe alivitema vyote, akala mnyoo huku akimlinda mtoto kwa macho, kisha akambeba mpaka kiotani. Mpiganaji mkali kumbe ni mzazi mwema.

Sasa tuje kwenye upande wa giza. Mwaka 1938 Ujerumani iliimeza Austria, na Lorenz akajiunga na chama cha Hitler. Mwaka 1940 alipewa uprofesa Königsberg, na mwaka huo huo aliandika makala akidai kwamba ustaarabu unamharibu binadamu kama ufugaji unavyoharibu wanyama, tena akaunga mkono kuondolewa kwa watu walioonekana dhaifu. Baadaye aliingia jeshini kama daktari. Mwaka 1944 alitekwa na Warusi, akawa mfungwa wa vita hadi 1948, kwa muda mrefu huko Armenia. Kambini aliandika kitabu juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akarudi nacho nyumbani pamoja na ndege aliowafuga.

Rafiki yake Niko Tinbergen, Mholanzi, alifungwa na Wajerumani kuanzia 1942 hadi 1944 kwa kupinga uonevu dhidi ya walimu wenzake Wayahudi. Walikutana tena Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, wakashikana mikono. Mwaka 1973 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch, ambaye utawala wa Hitler ulitaka kumfukuza chuoni kwa sababu bibi yake mzaa mama alikuwa wa asili ya Kiyahudi.

Mwaka 1963 Lorenz alitoa kitabu chake kuhusu ugomvi. Humo alieleza jambo la ajabu. Dume wa sikilidi akiondolewa jirani wote, humgeukia mkewe na kumpiga. Dawa ni kuweka jozi nyingine upande wa pili wa kioo, wakatishiane bila kugusana. Kioo kikifunikwa na uchafu wa kijani wasionane, dume huanza tena kumwonea mkewe.

Kutokana na hayo, Lorenz aliamua kwamba hasira hujazana ndani ya kiumbe kama maji ndani ya mtungi, na kwamba vita vya binadamu vina chanzo hicho hicho. Hapo wataalamu wengi walimpinga. Alifikiri pia kwamba wanyama huua wenzao kwa nadra, lakini huko Gombe, kaskazini ya Kigoma, kati ya 1974 na 1978 sokwe walionekana wakiwaua wenzao waliojitenga na kundi. Mwaka 1986 wanasayansi waliokutana Seville, Hispania, walitamka kwamba si sahihi kisayansi kusema vita viko katika damu ya binadamu.

Lorenz alifariki tarehe 27 Februari 1989. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Salzburg kilimvua shahada ya heshima kwa sababu ya siasa aliyoieneza enzi za Hitler.

Kwa maoni yangu, maisha yake yanatufundisha kuliko hata vitabu vyake. Samaki hupigania jani na mayai yake, na jirani akisogea mbali yamekwisha. Hakuna samaki aliyeambiwa na redio amchukie mwenzake. Binadamu huambiwa, naye husadiki, hata akiwa profesa. Sisi tuliorudi tukakuta wengine kwenye mashamba, na wenzetu wanaovuka Kobero na Mugina kila wiki na mizigo yao, tusikubali kuambiwa kwamba uadui ni maumbile yetu. Mipaka ya mashamba tuipime mbele ya mashahidi. Chuki tuliyofundishwa, tuwakatalie walioifundisha.