Theresa Wallach: Msichana wa London aliyevuka Sahara kwa pikipiki bila dira

Ukitoka Bondo mjini Jumapili asubuhi, ukafika Ndori na kukata kuelekea Uyoma, huenda ukatupata njiani. Huwa tuko sita, wakati mwingine saba, kila mtu na nduthi yake ya cc 100 au 150, zile zile ambazo Jumatatu zitarudi stejini kubeba abiria. Tunaikwepa lami na kushika njia za panya zinazoshuka ziwani, kule ambako mvua ni ya kubahatisha, miiba ni mingi na vumbi linaingia hadi kwenye meno. Tukifika Luanda Kotieno tunakula samaki, tunatazama feri ikienda Mbita, halafu tunarudi kabla giza halijaingia. Basi, hiyo ndiyo raha yetu.

Majuzi nduthi ya mmoja wetu ilizima katikati ya njia, mbali na duka lolote. Yeye ndiye msichana pekee katika kundi. Alishuka, akatoa spana chini ya kiti, akafungua plagi, akaipangusa na kuirudisha. Sisi wengine tulikuwa tumesimama tu kivulini. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake alitusimanga sisi wanaume kwa kumwacha binti wa watu ajipake oili. Msichana hakujibu. Alipiga kiki, injini ikanguruma, tukaondoka.

Jioni hiyo nilimsimulia habari za mwanamke mmoja ambaye angefaa kabisa kuwa kwenye msafara wetu, kama si kwamba alizaliwa miaka mia moja na ushee iliyopita na akafariki kabla wengi wetu hatujazaliwa. Jina lake ni Theresa Wallach.

Wallach alizaliwa tarehe 30 Aprili 1909 na kukulia London. Mtaani kwao kulikuwa na watu wa pikipiki, na hao ndio waliomtia ugonjwa huo. Alijifunza kuendesha kwa marafiki, akaanza kushindana. Nyumbani hawakufurahia hata kidogo. Siku hizo msichana wa heshima hakutarajiwa kupanda pikipiki, sembuse kuifungua injini yake. Lakini Theresa hakuishia kwenye kuendesha. Mwaka 1928 aliingia chuo cha ufundi cha Northampton Polytechnic, London, kusomea uhandisi, katika madarasa ambayo karibu wote walikuwa wavulana. Ukitaka kuelewa maisha yake yote, shika hapo kwanza. Wapo waendeshaji wengi wanaojua kukimbia. Huyu alijua kwa nini injini inakimbia, na kwa nini inazima.

Rafiki yake mkubwa barabarani aliitwa Florence Blenkiron. Naye hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka 1934, katika uwanja wa mbio wa Brooklands, Blenkiron alikuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka uwanja huo kwa pikipiki akiwa na kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 na zaidi. Mwaka huo huo wawili hao waliamua kufanya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya kwa pikipiki: kutoka London hadi Cape Town, wakishuka Afrika yote kutoka kaskazini hadi kusini, na jangwa la Sahara likiwa katikati ya njia.

Waliondoka tarehe 11 Desemba 1934. Pikipiki yao ilikuwa Panther ya cc 600, silinda moja, imeunganishwa na kigari cha pembeni cha kubebea mtu, na nyuma yake trela la mizigo. Hebu fikiria uzito huo. Sisi tukipakia magunia mawili ya makaa kwenye Boxer tunaanza kuomba Mungu kwenye kila mlima. Wao walikuwa na hema, maji, mafuta, chakula, vipuri na vifaa vya ufundi, vyote vikivutwa na silinda moja. Walivuka Ufaransa, wakapanda meli hadi Algiers, wakaelekea kusini. Hawakuwa na gari la kuwafuata nyuma. Redio hawakuwa nayo, wala dira.

Sehemu ya dira ndiyo inayowashangaza watu, na mimi pia nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni chumvi tu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Waliongozwa na alama za njia, nyayo za magari machache yaliyotangulia, na vituo vya kijeshi vya Wafaransa waliokuwa wakitawala eneo hilo. Kati ya kituo na kituo ilikuwa mchanga mtupu. Pikipiki yenye magurudumu mawili ikizama mchangani unaweza kuiinua na wenzako mkasonga. Hii ya kwao, pamoja na kigari na trela, ikizama ilibidi wachimbe, wasukume, waende hatua chache, izame tena. Wachimbe tena. Walipita Tamanrasset katikati ya jangwa, wakalenga Agadez, mji ulioko katika nchi ya Niger ya leo.

Injini ikawafia. Haikuwa plagi chafu kama ile ya Uyoma, ilikuwa imeharibika ndani kwa ndani. Hapo ndipo elimu ya chuo ilipojilipa. Wallach na mwenzake waliivunja injini nzima na kuiunda upya, katika nchi ambayo hakuna fundi wa Panther hata mmoja, wala duka la vipuri la kukimbilia. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha kubwa ya safari nzima, kuliko hata kufika. Vipande vya injini vimepangwa mmoja mmoja, mchanga uko kila mahali, na wewe unajua ukikosea kurudisha kimoja tu, umekwisha.

Kutoka Niger waliingia Nigeria, wakakata kuelekea mashariki, wakapita misitu ya Afrika ya kati na Kongo ya Wabelgiji, halafu wakafika pande zetu za Afrika Mashariki. Baada ya mchanga sasa ikawa matope, mito na njia zilizoliwa na mvua. Walipokuwa Tanganyika waligongana na gari, katika nchi ambayo wakati huo ungeweza kusafiri siku nzima bila kukutana na gari. Bahati gani hiyo, omera! Waliinuka, wakatengeneza, wakaendelea.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Mwaka huo wa 1935, kijana mmoja wa Nyamira Kang'o, hapa hapa kwetu Bondo, alikuwa na umri wa miaka 23 na bado alikuwa kwenye masomo. Jina lake Oginga Odinga, ambaye baadaye tulimwita Jaramogi na chuo kikuu chetu kikapewa jina lake. Theresa Wallach alimzidi kwa miaka miwili tu. Lakini mwanamume Mwafrika nchini Kenya wakati huo alitembea na kipande, na kutoka wilaya moja hadi nyingine kutafuta kazi ilikuwa ni kujieleza kwa polisi. Wasichana wawili Wazungu waliweza kuvuka bara zima kwa sababu bara lenyewe lilikuwa mikononi mwa serikali za Ulaya, na karatasi zao zilieleweka kila mpaka. Sisemi hivyo kuwapunguzia sifa, maana mchanga wa Sahara hausomi pasipoti ya mtu. Ila ni vizuri kukumbuka pia wenyeji waliosaidia kuisukuma na kuivuta Panther hiyo, ambao majina yao hayamo kwenye vitabu vya mbio.

Tarehe 29 Julai 1935 waliingia Cape Town. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 20,000 kwa muda wa miezi saba na nusu. Ungedhani dunia ingesimama kuwapigia makofi. Ilitulia haraka sana. Wallach alirudi Uingereza na kuendelea na mbio. Mwaka 1939 aliazima Norton ya cc 350, akaenda Brooklands, na yeye pia akapita maili 100 kwa saa. Waliofanya hivyo mashindanoni walipewa nyota ndogo ya dhahabu ya kubandika kifuani. Katika historia yote ya uwanja huo, wanawake walioipata kwa pikipiki ni watatu tu, Wallach na rafiki yake Blenkiron wakiwa miongoni mwao. Mwaka huo huo vita vikaanza, na mbio za Brooklands zikaisha kabisa.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa tayari ameiva. Alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la Uingereza, akafanya kazi ya ufundi wa magari, na akawa mwanamke wa kwanza katika jeshi hilo kuwa tarishi wa pikipiki. Kazi ya tarishi ilikuwa kupeleka ujumbe wa kijeshi usiku na mchana, mara nyingi taa zikiwa zimefunikwa ili ndege za adui zisione. Nikiwaza kuhusu wenzangu wanaoendesha usiku bila taa kwa sababu balbu imeungua na hela ya kununua nyingine imeenda kwa kitu kingine, nanyamaza.

Vita vilipoisha alienda kuzurura. Alichukua Norton yake akazunguka Marekani, Kanada na Mexico kwa takriban miaka miwili na nusu, zaidi ya kilomita 50,000, akifanya vibarua njiani ili apate hela ya mafuta. Mwaka 1952 alihamia Marekani, akakaa Chicago, na baadaye akafungua duka lake la pikipiki.

Na hapa kwenye duka ndipo maisha yake yanapoanza kutuhusu sisi wa Bondo moja kwa moja. Wateja walikuja na pesa mkononi. Walijua rangi wanayotaka, walijua kasi wanayotaka. Kuendesha hawakujua. Wallach aliona watu wakinunua chombo asubuhi na kuingia nacho barabarani mchana. Mimi mwenyewe nilijifunza kwenye uwanja wa shule, alasiri moja, mwalimu wangu akiwa binamu aliyejifunza wiki mbili kabla yangu. Siku ya tatu nilibeba abiria. Najua vijana watatu tulioanza nao ambao hawapo tena, na mmoja anayetembea na magongo.

Angeweza kuuza tu na kunyamaza. Badala yake alianza kufundisha. Alifundisha mambo ambayo kijana akiyasikia anaona yanaboesha: kuisawazisha pikipiki ikiwa inakwenda pole pole, kuachia klachi kwa utulivu, kutumia breki zote mbili, kutazama mbali badala ya kutazama gurudumu la mbele. Mwaka 1970 alichapisha kitabu cha wanaoanza, Easy Motorcycle Riding, na mwaka 1973 alihamia Phoenix katika jimbo la Arizona, akafungua shule ya kuendesha pikipiki. Phoenix iko jangwani. Baada ya miaka karibu arobaini alikuwa amerudi kwenye mchanga na jua kali, ila safari hii wanafunzi ndio waliokuwa wakianguka na yeye ndiye aliyekuwa akiwainua.

Hakuwahi kumiliki gari maisha yake yote. Aliendesha pikipiki hadi alipokuwa na miaka 88. Alifariki Phoenix tarehe 30 Aprili 1999, siku aliyotimiza miaka 90. Kitabu chake kuhusu safari ya Afrika, The Rugged Road, kilitoka mwaka 2001, yeye akiwa tayari kaburini, na mwaka 2003 chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kikaliweka jina lake katika orodha yake ya watu mashuhuri.

Msichana wetu alisikiliza yote hayo huku akiosha mikono kwa sabuni ya unga. Hakuuliza habari za Sahara. Aliuliza kama kile chuo cha London kilimtoza karo kiasi gani, na kama mtu anaweza kusomea injini hapa karibu bila kwenda Nairobi. Nilimwambia kuna vyuo vya ufundi, tuulizie. Jumatano tulienda pamoja kuchukua fomu. Karani alidhani ni mimi ninayejiandikisha, akanisukumia mimi kalamu. Akaichukua yeye.

Jumapili hii tunapanga kwenda upande mwingine, Usenge hadi Got Ramogi. Yeye ndiye atatangulia, kwa sababu ndiye aliyebeba spana.