KAMALADEVI CHATTOPADHYAY: MAMA ALIYESIMAMA NA WAFUMAJI

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi tumeona si vizuri tujisifu wenyewe kurasa zote. Tumetenga ukurasa huu kwa mama mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kijijini kwetu, na wengi wetu hata jina lake linatushinda kulitamka. Alikuwa Mhindi, na alifariki mwaka 1988. Lakini tulipoanza kusomeana habari zake siku za mikutano, kila mmoja alikuwa akitikisa kichwa: kumbe yanayotupata sisi wasuka mikeka, wenzetu wa India wanaofuma vitambaa kwa mikono yameshawapata zamani, na yupo mtu aliyeyashughulikia maisha yake yote.

KUZALIWA NA MALEZI

Kamaladevi alizaliwa tarehe 3 Aprili 1903 mjini Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Baba yake alikuwa ofisa mkubwa wa wilaya katika serikali ya kikoloni, na nyumba yao ilikuwa ya watu wenye uwezo. Kamaladevi akiwa na umri wa miaka saba hivi, baba akafariki bila kuacha wasia. Kwa sheria za wakati ule mali yote ikaenda kwa mtoto wa kiume wa mke mwingine, mtu ambaye hata hawakumzoea. Mama yake, Girijabai, akaambiwa atapewa posho ya kila mwezi. Mama yule akaikataa posho, akawalea mabinti zake kwa mali aliyokuja nayo mwenyewe alipoolewa.

Tunalitaja jambo hili mwanzo kabisa kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia. Mtoto yule aliona kwa macho yake jinsi mwanamke anavyoweza kulala tajiri akaamka hana kitu, kwa kuwa tu hakuna chochote kilichoandikwa kwa jina lake. Akina mama wangapi kati yetu tunalijua hilo?

Aliozeshwa mwaka 1917 akiwa na miaka 14, na mwaka 1919 akawa mjane. Mila za watu wake zilitaka mjane akae pembeni asionekane. Yeye akaendelea na shule huko Chennai, mji ambao enzi hizo ukiitwa Madras. Baadaye akaolewa na mshairi Harindranath Chattopadhyay, jambo lililowaudhi wengi, maana mjane kuolewa tena lilikuwa gumzo. Walizaa mtoto mmoja wa kiume, na mwishowe walitengana. Alisoma pia London, mambo ya jamii.

SIASA NA CHUMVI

Mwaka 1926 aligombea kiti cha baraza la kutunga sheria la Madras, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuthubutu kufanya hivyo India. Alishindwa kwa kura chache sana. Mwaka uliofuata ulianzishwa mkutano mkuu wa wanawake wa India yote, na yeye akawa katibu wake, akizunguka nchi nzima kudai shule za wasichana na haki za akina mama.

Ikaja mwaka 1930. Serikali ya Waingereza ilikuwa imehodhi chumvi na kuitoza kodi, na Gandhi akaamua kuandamana kwenda baharini kuitengeneza bila kibali. Mwanzoni hakutaka wanawake waingie katika kampeni ile. Kamaladevi hakukubali. Alimfuata akamweleza hadi Gandhi akalegeza. Basi huko Bombay akawa mmoja wa akina mama waliowasha moto ufukweni na kuchemsha maji ya bahari mbele ya polisi. Vipaketi vya chumvi ile akavipeleka mpaka kwenye soko la hisa, akaviuza kwa mnada kwa matajiri. Na huko mahakamani akamwuliza hakimu kama naye hatanunua chumvi ya uhuru. Si mchezo! Alifungwa karibu mwaka mzima, na hicho hakikuwa kifungo chake cha mwisho.

Hata ugenini hakunyenyekea. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, akisafiri kwa treni kusini mwa Marekani, aliamriwa aondoke kwenye behewa la Wazungu. Alijibu kuwa yeye ni mwanamke mweusi kama wale wanaofukuzwa, na akabaki pale pale alipoketi.

KUACHA VYEO NA KURUDI KWA WAFUMAJI

India ikapata uhuru mwaka 1947, na siku zile zile ikakatwa vipande viwili. Watu zaidi ya milioni kumi walihama makwao. Wenzake Kamaladevi waliotoka jela wakawa mawaziri na mabalozi. Yeye naye alipata nafasi ya kushika vyeo, akavikataa. Mwaka 1948 alianzisha muungano wa ushirika ili wakimbizi wajijengee maisha wenyewe. Waziri Mkuu Nehru aliruhusu mpango huo shingo upande, kwa sharti kwamba asiombe msaada wa serikali. Kutokana na jitihada hizo, na baada ya mvutano mwingi, ukainuka mji wa Faridabad karibu na Delhi, uliopokea makumi ya maelfu ya wakimbizi waliotoka kaskazini magharibi.

Mwaka 1952 iliundwa bodi ya kazi za mikono ya India yote, akawa mwenyekiti wake kwa karibu miaka ishirini. Mwaka huo huo ushirika wake ukakabidhiwa duka kubwa la kazi za mikono la Delhi. Hapo ndipo tunapomwona kama mtu wa nyumbani kwetu.

Hebu tueleze mfumaji alivyokuwa. Tangu karne ya 19, vitambaa vya viwanda vya Uingereza vilimwagwa India kwa bei ya chini, na mafundi wengi wakabaki na vitanda vya mfumi visivyo na kazi. Waliosalia walikopa nyuzi kwa tajiri. Mfumaji alianza kazi akiwa tayari na deni. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa cha tajiri, na bei aliipanga tajiri yule yule. Akitaka kuuza kwingine, nani atampa nyuzi kesho?

Na mwanamke alikuwa chini zaidi. Katika sehemu nyingi za India yeye ndiye anayefungua nyuzi, anayezipaka wanga, anayezizungusha kwenye vijiti na kusaidia kutanda mtande. Bila kazi hiyo hakuna mshindio utakaopita. Lakini aliyehesabiwa kuwa mfumaji ni mume aliyekaa kwenye kitanda, na malipo yakaingia mkononi mwake. Kaskazini mashariki, kama Assam na Manipur, wanawake ndio wafumaji wenyewe, ila nako kazi yao ilichukuliwa kama shughuli ya nyumbani tu, kama kupika.

Dawa ya Kamaladevi haikuwa sadaka. Alisema kwa matendo yake kwamba fundi anahitaji vitu vitatu: malighafi asiyoikopa kwa mnunuzi wake, soko analoweza kulifikia, na chama ambacho yeye mwenyewe ana kura ndani yake. Kwa hiyo alikwenda vijijini kuwatafuta wazee waliokuwa bado wanakumbuka fani zilizokaribia kufa, vikaanzishwa vituo vya kuwafundisha vijana. Kalamkari, vitambaa vinavyochorwa kwa kalamu na rangi za mimea huko Kalahasti, ni moja ya fani alizosaidia kuzifufua. Alishikilia kwamba kitu kizuri kiuzwe kwa sababu ni kizuri, wala kisinunuliwe kwa huruma. Mwaka 1966 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi hiyo.

BAADA YAKE

Tusidanganyane kwamba kila kitu kilinyooka. Vyama vingi vya ushirika vya wafumaji India viligeuka kuwa vya karatasi. Wakubwa walijaza majina, mikopo ikaliwa, mfumaji akarudi kwa tajiri wake. Hata hapa Tanzania tuliona mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa kwa amri kutoka juu. Chama ambacho mwanachama hakijui daftari lake ni chama cha wengine.

Labda ndiyo maana vikundi vidogo vilikuja kushika. Mwaka 1992, Kamaladevi akiwa amekwisha fariki, benki ya maendeleo ya vijijini ya India ilianza majaribio ya kuunganisha vikundi 500 vya kujisaidia na mabenki. Ni watu kumi hadi ishirini wanaofahamiana, wengi wao akina mama, wanaweka akiba kidogo kidogo, wanakopeshana wao kwa wao, kisha benki inawakopesha kwa kuangalia daftari lao, si kwa hati ya shamba. Kikundi cha wafumaji kikiwa na mfuko wake kinaweza kununua nyuzi kwa pamoja, na hapo kamba ya tajiri inaanza kulegea. Sensa ya wafumaji wa mikono ya mwaka 2019–20 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.5 katika kazi hiyo, na zaidi ya saba katika kila kumi ni wanawake. Hesabu hiyo inawataja na wale wanaoandaa nyuzi. Angalau sasa wanahesabiwa.

TUNAJIFUNZA NINI

Sisi tunaosuka ukili hatuna haja ya kutafsiriwa maneno haya. Kabla ya kikundi, mchuuzi alitutangulizia ukindu na rangi, kisha akaja kupanga bei ya mkeka akiwa amesimama mlangoni. Tulipoanza kuweka akiba, mkopo wa kwanza wa wengi wetu ulikuwa wa kununua ukindu, wala si wa kununua kanga. Tulidhani tumebuni jambo jipya. Kumbe njia ilikwisha kulimwa.

Kwa hiyo, tukiingia mwaka wa kumi na moja, tunawaomba wenzetu tushike mambo matatu kutoka kwa mama huyu. Kwanza, kitabu cha akiba kiwe kwa jina lako mwenyewe, na mrithi uliyemchagua aandikwe humo. Tusisahau yaliyompata Girijabai. Pili, daftari la kikundi lisomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama katibu ni dada yako wa tumbo moja. Tatu, mkeka usiotoka sawa ufumuliwe usukwe upya, maana mnunuzi wa huruma hanunui mara mbili.

Kamaladevi alifariki tarehe 29 Oktoba 1988, akiwa na miaka 85.  Kwa wanakikundi wenzetu: mkutano ni Jumamosi kama kawaida, na michango ije mapema. Haba na haba hujaza kibaba.