Vincent Pallotti na nia ya kila asubuhi

Wakatoliki wengi wa Mbulu na Hanang wamelisikia jina la Mtakatifu Vincent Pallotti. Mapadri wa shirika lake kutoka Ireland walihudumu katika milima ile ya Wairaqw na tambarare za Wadatoga, na askofu wa kwanza wa Jimbo la Mbulu, Patrick Winters, aliyeongoza hadi mwaka 1971, alikuwa mmoja wao. Jina linajulikana, lakini maisha yake hayajulikani sana. Leo tuyatazame, maana yanagusa swali la waumini wengi: mtu mwenye shamba, watoto na madeni atakua lini kiroho, ikiwa hata muda wa kupumzika hana?

Vincent alizaliwa Roma tarehe 21 Aprili 1795. Baba yake alikuwa na duka la vyakula, hivyo mtoto alikua akiona mizani, wateja na hesabu za jioni. Shuleni alianza kwa shida, mama yake akamkabidhi kwa Roho Mtakatifu kwa sala, na baadaye akafaulu hadi kupata udaktari wa teolojia. Alipewa upadri tarehe 16 Mei 1818.

Ukiziangalia kazi zake, ni zile zile za padri wa mjini. Aliungamisha kwa saa nyingi, alifundisha wanafunzi, alitembelea wagonjwa na wafungwa, na alisaidia kuanzisha shule za jioni kwa vijana waliofanya kazi mchana. Kilichomtofautisha ni nia. Kabla ya kula, kutembea au kuanza kazi alimwambia Mungu kwamba anatenda kwa ajili ya utukufu wake. Aliandika makusudi hayo kwenye daftari zake, akatamani hata kila pumzi iwe sifa kwa Mungu. Siku yake ilikuwa na saa 24 kama yako. Hakuongeza saa, aliongeza nia.

Nia hiyo haikubaki kichwani. Kilipohitajika kitabu cha dini kwa Kiarabu kwa ajili ya Wakristo wa Mashariki, alimtuma mfanyabiashara Giacomo Salvati kuomba michango. Zikapatikana fedha kuliko zilizotarajiwa. Mwaka 1835 Pallotti akaanzisha umoja wa mapadri, watawa na walei, akiamini kwamba kila mbatizwa ametumwa na Kristo: mwenye duka, fundi na mama wa nyumbani. Wakati ule wengi waliona utume ni kazi ya maaskofu na mapadri tu, kwa hiyo alipingwa, na kuna wakati umoja wake ulikaribia kufutwa. Alivumilia bila kugombana.

Mwaka 1837 kipindupindu kiliingia Roma. Pallotti na wenzake waligawa vyeti ambavyo maskini walivitumia kupata mkate, nyama na nguo. Mwaka uliofuata walifungua nyumba ya kulea wasichana waliobaki yatima. Watu wale hawakujifunza huruma siku ugonjwa ulipobisha hodi. Walikuwa wameizoea katika siku za kawaida.

Sisi pia tumeliona jambo hilo. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Waliokimbilia kufukua matope na kuwapokea waliokosa makazi hawakupata nafasi ya kukaa na kupanga nia. Siku kama ile, mtu hutoa kilichokwisha kuwekwa moyoni.

Je, huwekwaje? Kwa mambo madogo. Mkulima wa vitunguu swaumu Mbulu anaweza kushika jembe alfajiri akisema moyoni kwamba kazi ya leo ni ya Mungu. Mnunuzi anaweza kusema hivyo hivyo kabla ya kufika shambani. Lakini nia hupimwa. Mnunuzi aliyemtolea Mungu siku yake, kisha akamlazimisha mkulima kujaza gunia la lumbesa, ametoa maneno tu. Mizani yake ndiyo inayosema alimtumikia nani.

Pallotti alipimwa hadi mwisho. Inasimuliwa kwamba Januari 1850, katika baridi kali, alimpa joho lake maskini aliyekuwa akitetemeka, naye akaendelea kuungamisha bila joho. Akaugua mapafu, na tarehe 22 Januari akafariki akiwa na miaka 54. Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Januari 1963, katika kipindi cha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao ulikuja kufundisha wazi kwamba walei nao wana utume wao.

Ndugu yangu, kesho Jumatatu, kabla hujashika jembe, chaki, usukani au simu, mtajie Mungu kazi moja unayokwenda kuifanya na mtu mmoja itakayemgusa. Jioni jiulize kama mtu yule aliiona nia yako. Ikiwa hakuiona, omba msamaha, ulale, na keshokutwa uanze tena.