Mama Kevina: Jina Lililogeuka Neno

Kapsokwony ni mji mdogo ulioko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, katika eneo la Bungoma. Ng'ambo ya mlima huo ni Uganda. Wasabaoti wa upande huu na Wasebei wa upande ule ni ndugu wa damu na lugha, na vivyo hivyo Wabukusu na Wagisu. Mpaka unaowatenganisha ni kazi ya wakoloni, walioamua mwaka wa 1902 kuliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na nchi inayoitwa leo Kenya. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, liliendelea kuzihesabu pande zote mbili kuwa eneo moja la kimisheni, Vikariati ya Nile ya Juu, chini ya Wamisionari wa Mill Hill, hadi mwaka wa 1925. Ni katika vikariati hiyo ndimo alimofanya kazi mwanamke ambaye makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake: Mama Kevina.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika wilaya ya Wicklow nchini Ireland. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki miezi mitatu kabla ya mtoto huyo kuzaliwa. Mama aliolewa tena, naye akaaga dunia Teresa alipokuwa na umri wa miaka kumi. Malezi yakabaki mikononi mwa nyanya yake mzaa mama. Ikumbukwe kwamba Ireland ya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na kumbukumbu za njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845 zilikuwa bado hai vijijini. Kwa hivyo, msichana huyu aliujua uyatima na ufukara kabla ya kuijua ramani ya Afrika.

Teresa alipelekwa kwa Masista wa Huruma mjini Rathdrum ili ajifunze ualimu. Karo ya chuo ikamshinda, akafundisha akiwa mwalimu msaidizi asiye na cheti, kwanza kwao na baadaye Uingereza. Mwaka wa 1895 alijiunga na watawa Wafransisko wa St Mary's Abbey, Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Mary Kevin. Aliweka nadhiri mwaka wa 1898. Tamaa yake ya kwanza ilikuwa kwenda kuwahudumia watu weusi wa Marekani. Badala yake, wito uliomfikia ulitoka Uganda, ambako Askofu Henry Hanlon alikuwa akiomba masista wa kuwahudumia wanawake na watoto.

Tarehe 3 Desemba 1902 Sista Kevin aliondoka London pamoja na wenzake watano. Reli ya Uganda ilikuwa imefika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka mmoja tu uliotangulia. Masista hao sita waliwasili kilima cha Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Hawakuwa na hospitali wala shule. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Wagonjwa walikuja na ndui, tauni, malaria na vidonda. Isitoshe, huo ulikuwa wakati wa janga la malale, ambalo liliwaua watu wasiopungua 200,000 kandokando ya ziwa katika mwongo huo na kuacha vijiji vizima vya yatima. Mwaka wa 1906 Sista Kevin alikuwa miongoni mwa waliofungua kituo cha pili huko Nagalama, kiasi cha kilomita 37 kutoka Kampala. Mwaka wa 1910 akawa mkuu wa masista wote nchini humo. Wenyeji, ambao lugha yao, kama Kiswahili, hupenda neno liishie kwa irabu, walimwita Mama Kevina.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimleta ana kwa ana na uovu wa dola. Serikali ya kikoloni iliwakusanya wanaume kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda na kwingineko ili wabebe mizigo ya jeshi katika kampeni dhidi ya Wajerumani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Waliorejea Nsambya walifika wakiwa mifupa mitupu, na Kevina alikasirishwa sana na jinsi walivyotendewa. Hospitali yake iliwapokea, na mwaka wa 1918 serikali ileile ikamtunukia nishani ya MBE. Mwanafunzi wa Kiswahili atakumbuka kwamba jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi limebaki katika lugha yetu hadi leo: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi waliofia porini wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao ni hilo jina la mahali.

Hata hivyo, adui aliyemsumbua Kevina kwa miaka mingi zaidi hakuwa vita bali kifo cha mama na mtoto wakati wa kujifungua. Hapa alikumbana na kikwazo kisichotarajiwa, yaani sheria za Kanisa lake mwenyewe, ambazo ziliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Sista angeweza kumfunga mama kidonda, lakini hakuruhusiwa kumzalisha. Kevina hakuasi na hakunyamaza. Kwa ushirikiano na Daktari Evelyn Connolly, mmisionari mlei, alianzisha Nsambya mafunzo ya wauguzi na wakunga, ili wasichana wa Kiafrika wafanye kazi ambayo watawa walizuiwa kuifanya. Katika kilima cha jirani cha Mengo, Katharine Cook wa misheni ya Kianglikana naye alikuwa akiwafundisha wakunga. Wakati huohuo Kevina alikuwa miongoni mwa wanawake waliolihimiza Kanisa liondoe marufuku hayo. Yaliondolewa mwaka wa 1936, zaidi ya miaka thelathini baada ya yeye kufika Nsambya. Msomaji na akadirie mwenyewe ni akina mama wangapi waliopita katika miaka hiyo.

Uamuzi wake mkubwa kuliko yote aliufanya mwaka wa 1923. Kwa kuanzia na wasichana wanane, aliunda huko Nkokonjeru shirika la watawa wa Kiafrika lililoitwa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Jambo hili halikuwa rahisi kueleweka na upande wowote. Kwa wazazi, binti asiyeolewa wala kuzaa alikuwa hasara kwa ukoo na aibu kwa mama yake. Kwa Wazungu wengi wa enzi hiyo, Mwafrika alikuwa wa kuhudumiwa, hakuwa wa kukabidhiwa huduma. Kevina aliona tofauti. Alitambua kwamba masista wa Ulaya wangezeeka, wangeugua na kurudi kwao, na kwamba kazi isiyo na wenyeji wa kuirithi ingeondoka pamoja nao. Masista Wadogo walisambaa Uganda, kisha wakavuka mipaka na kuingia Kenya na Tanzania.

Kazi nyingine zilifuata. Mwaka wa 1928 alifungua Holme Hall, Yorkshire, nyumba ya kuwaandaa wamisionari wa Afrika. Vituo vya wagonjwa wa ukoma vilianzishwa Nyenga mwaka wa 1932 na Buluba mwaka wa 1934, wakati ambapo mwenye ukoma alitengwa na watu wake na mama mgonjwa aliogopwa hata na wanawe. Shule za wasichana nazo ziliongezeka, na miongoni mwake ile ya Namagunga imewalea wanawake wengi mashuhuri.

Je, tumsifu bila kuhoji? La. Mama Kevina alikuja katika msafara mmoja wa historia na ukoloni, na misheni mara nyingi ziliingia mlango uliofunguliwa na bunduki. Zilileta dawa na vitabu, na pia dharau kwa baadhi ya mila, waganga na wakunga wa jadi ambao jamii iliwategemea kwa karne nyingi. Mhakiki wa fasihi yetu anayajua vyema malalamiko hayo, nayo yana ukweli. Lakini haki inatudai tumpime mtu kwa alichokifanya pale alipokuwa na uwezo wa kuchagua. Kevina angeweza kubaki mfadhili anayepokea shukrani. Alichagua kuwafundisha watu ambao siku moja wasingemhitaji.

Mwaka wa 1952 masista wake Wafransisko waliohudumu Afrika wakawa shirika linalojitegemea, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Alistaafu mwaka wa 1955 akiwa na umri wa miaka 80, lakini hata hapo hakupumzika. Alitumwa Boston, Marekani, kuchangisha fedha, akafia huko tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulipelekwa Ireland. Waumini wa Uganda hawakukubali abaki mbali, wakaomba arudishwe kwao, na akazikwa Nkokonjeru, mahali alipowakusanya wasichana wale wanane. Mwaka wa 2016 Kanisa lilianza rasmi mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Nchini Uganda jina lake limetumika hata kama nomino ya kawaida: kevina ni hospitali au nyumba ya huduma za hisani. Kama ilivyokuwa kwa Kariakoo, jina la kigeni liliingia vinywani mwa watu na kubeba maana mpya. Neno moja lilizaliwa na mateso, jingine na matunzo.

Turudi Kapsokwony. Kati ya mwaka wa 2006 na 2008 mapigano ya ardhi katika Mlima Elgon yaliwaacha wanawake wengi bila waume na watoto wengi bila wazazi. Penye majonzi ya namna hiyo misaada huja, na pale wageni wanapofunga virago swali huwa ni lilelile lililomkabili Kevina mwaka wa 1923: ni nani atakayebaki? Jibu lake lilikuwa msichana wa papo hapo, aliyefunzwa, aliyeaminiwa na kupewa funguo za nyumba. Jibu hilo halijazeeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Maisha ya Mama Kevina yanatufunza kwamba mwenyeji hajapona kikamilifu hadi naye aweze kumponya mwingine.