Kirilo Japhet, Msemaji wa Wameru

Mwezi huu tumeona vema kumkumbuka mtu ambaye hakuwa wa kanisa letu, bali alikuwa jirani yetu hapa chini ya Mlima Meru. Ni marehemu Mzee Kirilo Japhet, ambaye wengine humwita Japhet Kirilo. Wazee wa Arusha wanamjua. Vijana wetu tukiwauliza, wengi hutikisa kichwa, na hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Kisa chake hakianzi na yeye. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa kule Akeri. Wajerumani wakaja kulipiza kisasi, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe, na baadaye ardhi nzuri kuuzunguka mlima ikagawiwa walowezi. Wameru wakabanwa katikati. Hata hivyo walijitahidi kutoka, wakapata kwa fedha zao mashamba upande wa Ngarenanyuki, wakajenga na kufuga huko.

Ndipo serikali ya Waingereza, ikifuata shauri la Jaji Wilson la mwaka 1947, ikaamua kwamba sehemu hiyo iwe ya wafugaji wa Kizungu. Wameru walikataa fidia, wakakataa pia kuhama. Mwezi wa Novemba 1951 askari wakaja. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kupelekwa Kingori. Wameru hawakushika mikuki. Twaona hili ni jambo kubwa, maana hasira yao ilikuwa ya haki.

Badala ya vita walifanya mikutano. Watu walikaa, wakasema yaliyowapata, kila mtu na hasara yake, na Kirilo, aliyekuwa kijana bado, akasikiliza. Kisha wakachanga fedha, maskini kwa matajiri, wakamchagua apeleke habari zao Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini. Aliyemsaidia ni wakili Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi.

Mwaka 1952 Kirilo akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. Hebu tufikiri: mtu wa mlimani, mbele ya wajumbe wa dunia, na wasemaji wa serikali wamekaa hapo hapo tayari kumpinga. Nguvu yake ilikuwa moja tu, kwamba habari aliyoileta haikuwa yake peke yake. Aliyekwisha kuwasikia wenye msiba hahitaji kutia chumvi.

Je, alishinda? Baraza lilisikitika, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Baadaye mwaka ule ule Kamati ya Nne ya Mkutano Mkuu iliwaunga mkono Wameru, lakini katika Mkutano Mkuu wenyewe kura hazikufika theluthi mbili. Basi akabaki na kazi ngumu kuliko ile ya New York, yaani kurudi kwa watu waliotoa senti zao na kuwaambia kwamba ardhi haikurudi.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipoonekana kuwa kiongozi. Hakujificha. Aliporudi alieleza yaliyotokea, wala hakuishia Meru. Alizunguka sehemu nyingine za Tanganyika akisimulia habari ile ile, na watu waliokuwa hawajapata kusikia jina la Ngarenanyuki wakatambua kwamba shida ya Wameru ni shida yao. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, watu wengi walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Mwafrika aweza kwenda Umoja wa Mataifa na kusikilizwa. Mwalimu Nyerere alikwenda huko mwaka 1955.

Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo, nacho kilichapishwa Nairobi. Kwa bahati mbaya kiliandikwa kwa Kiingereza, na wazee wengi waliochanga hawakuweza kukisoma.

Walowezi wenyewe hawakudumu, na baada ya Uhuru Wameru walirudi Ngarenanyuki. Siku hizi huko hulimwa nyanya na vitunguu kwa maji ya mlimani. Nyanya hizo twazinunua sokoni hapa mjini.